Mashine ya maumivu: tunanunua boksi, tunasahau kibandiko

Muuzaji wa mashine ndogo ya kutuliza maumivu kwa umeme ana wimbo mmoja. Programu 24, chaneli mbili, kioo kinachowaka, chaji ya USB, inafaa mgongo, goti, bega na kiuno. Wimbo huo unasikika kwenye maduka ya vifaa tiba, kwenye vibanda vya simu na kwenye kurasa za biashara mitandaoni, ambako mzigo hufika kwa bodaboda kabla jua halijazama. Msikilize hadi mwisho. Kuhusu vile vipande vinne vinavyobandikwa mwilini atasema tu kwamba vimo ndani ya boksi.

Vimo, sawa. Vimetengenezwa kwa nini? Vina ukubwa gani? Vitadumu kwa matumizi mangapi? Vikiisha, vingine vinapatikana wapi na kwa bei gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama mashine itamsaidia mgonjwa au itaishia juu ya kabati pamoja na chaja za simu zilizokufa. Dukani hayaulizwi, na muuzaji hana sababu ya kuyachokoza.

Nashikilia hivi: katika tiba ya umeme ya nyumbani, elektrodi, kile kipande kinachogusa ngozi, ina uzito kuliko boksi. Na kwa nyumba nyingi za kwetu, zenye joto, jasho na bajeti ya kubana, elektrodi inayofaa zaidi si ile nyeupe yenye gundi inayokuja na mashine. Ni ile nyeusi ya mpira wa kaboni, ambayo wataalamu wa fiziotherapia wameitumia kwa miongo mingi na ambayo wauzaji wa leo wanaiona ya kizamani.

Tuanze na kazi yenyewe. Mashine hizi, zinazojulikana kwa kifupi kama TENS, hupeleka mapigo mafupi ya umeme kwenye neva zilizo chini ya ngozi. Msingi wake wa kinadharia uliwekwa mwaka 1965, pale Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha kwenye jarida la Science nadharia ya lango la maumivu. Walieleza kwamba taarifa za mguso, zinazosafiri kwenye neva nene, zinaweza kuzibana taarifa za maumivu ndani ya uti wa mgongo zisipande zote hadi kwenye ubongo. Mtoto aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa na mtu. TENS hufanya usuguaji huo kwa umeme.

Je, inasaidia kweli? Wataalamu wamebishana, na bado wanabishana. Mwaka 2016 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilielekeza kwamba TENS isitolewe kwa wagonjwa wa maumivu ya kiuno. Mwaka 2022 jarida la BMJ Open likachapisha uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti 381, ukahitimisha kwamba maumivu hupungua wakati mashine inafanya kazi na muda mfupi baada ya kuzimwa, na kwamba madhara makubwa ni nadra. Mimi nayasoma yote mawili hivi: mashine hii ni kitulizo cha muda mfupi, haigusi chanzo cha maumivu. Kitulizo cha muda mfupi hutumiwa tena na tena, pengine kila siku kwa miezi. Kwa hiyo gharama yake na usalama wake havipimwi siku ya kununua. Vinapimwa siku ya hamsini na ya mia, wakati boksi bado linang'aa lakini kinachogusa ngozi kimechoka.

Kwa nini kichoke, na kwa nini uchovu wake uwe na maana? Jibu liko kwenye ngozi. Ndani ya mwili umeme haupati taabu kubwa, maana kumejaa maji na chumvi. Kikwazo ni tabaka la juu kabisa la ngozi, seli zilizokufa na kukauka, ambalo sehemu nyingi za mwili lina unene wa maikromita 10 hadi 20 tu. Tabaka hilo likiwa kavu, upinzani wake unaweza kufika omu 100,000. Likilowa, unaweza kushuka hadi omu elfu chache. Elektrodi isiyolowesha ngozi inaulazimisha umeme utafute vinjia vichache vilivyo rahisi, hasa vitundu vya jasho na mashina ya nywele, na hapo ndipo mgonjwa anapohisi kuchomwa sindano badala ya mtekenyo mpana.

Watu wa kale walilifahamu hilo kwa vitendo. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliagiza mgonjwa wa jongo akanyage samaki wa jamii ya taa mwenye umeme, huku amesimama kwenye ufuko uliolowa maji ya bahari, mpaka mguu ufe ganzi. Samaki ndiye aliyekuwa mashine. Maji ya chumvi yalikuwa sehemu ya elektrodi.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Mtu anaoga, anajipaka mafuta ya nazi au Vaseline kama alivyolelewa, kisha anakaa kitandani na kujibandika. Mafuta hayapitishi umeme, na tena yanaila gundi ya kibandiko. Mwingine ametoka kujichua kwa dawa yenye pilipili na mentholi. Ngozi tayari inawaka, na hawezi kutofautisha moto wa dawa na moto wa umeme. Wa tatu amenyoa nywele za mguu kwa wembe dakika chache zilizopita. Mikwaruzo midogo ya wembe ni njia rahisi kwa umeme, na ataruka. Nywele zikatwe kwa mkasi, mafuta yaoshwe kwa sabuni, na dawa ya kuchua isubiri. Hayo ni matayarisho ya lazima kwa elektrodi ya aina yoyote. Zaidi ya hapo, malighafi ndiyo inayotofautisha moja na nyingine.

Kibandiko cheupe kina matabaka matatu. Juu kuna kitambaa au povu. Katikati kuna utando mwembamba wa kaboni, au wino wenye madini ya fedha, unaousambaza umeme kutoka kwenye waya. Chini kuna jeli inayonata, ambayo ni mtandao wa polima ulioshika maji, chumvi na mara nyingi gliserini. Niseme wazi kwamba hii ni kazi nzuri ya uhandisi. Kipande kimoja kinajishika chenyewe, kinalowesha ngozi na kutawanya mkondo. Mtu anayeishi peke yake anaweza kukibandika kiunoni bila msaidizi, akavaa shati juu yake na kuendelea na shughuli. Ndiyo sababu kimeliteka soko.

Lakini yale maji ndiyo uhai wake, na yana tabia ya kuondoka. Viwanda vingi huandika kwamba kibandiko kitatumika kama mara 20 hadi 30, na mtu mmoja tu. Maelekezo yao hutaka ngozi safi isiyo na mafuta, na kibandiko kirudishwe kwenye plastiki yake kila baada ya matumizi na kuwekwa mbali na joto. Jasho la Dar es Salaam mwezi Februari halisomi maelekezo. Linaingia kwenye jeli, linaifanya iteleze, na kibandiko kinaanza kujikunja pembeni. Bara kwenye ukavu na upepo tatizo ni kinyume chake: jeli inakauka ikawa ngozi juu ya ngozi. Vumbi, seli zilizokufa na vinywele vinagandia humo. Tone la maji linaweza kuihuisha kwa siku chache, kisha mwenye mashine anaanza kukibana kwa plasta au kwa mpira wa nguo. Akifika hapo, anatumia kifaa kilichokufa.

Kuna jambo la usafi pia ambalo linaguswa kwa nadra. Jeli haioshwi kwa sabuni, ikioshwa inaharibika. Kibandiko kimeandikiwa mtu mmoja, lakini mashine ikiingia nyumbani inakuwa ya ukoo. Bibi anaitumia kwa goti asubuhi, mjomba kwa bega jioni, na jirani anakuja kuazima Jumamosi. Kila mmoja anaacha seli za ngozi yake kwenye jeli ileile, na mwenye fangasi anaacha fangasi. Wengine ngozi zao hazielewani na kemikali za jeli yenyewe, hasa za jamii ya akrilati. Wanapata vipele vya mraba vyenye ukubwa uleule wa kibandiko na kudhani wameungua na umeme.

Mpira wa kaboni una tabia nyingine kabisa. Ni silikoni iliyochanganywa na unga laini wa kaboni hadi ikaweza kupitisha umeme. Ni mweusi, unakunjika kufuata umbo la mwili, una tundu la kuingiza pini ya waya. Haunati. Ukiwekwa mkavu kwenye ngozi unachoma, kwa hiyo unahitaji jeli ya kupaka, kama ile ya kipimo cha ultrasaundi, au kifuko cha sponji iliyoloweshwa maji, pamoja na mkanda wa kuubana. Baada ya tiba unaoshwa kwa maji na sabuni, unafutwa na kuanikwa kivulini. Hauna maji ndani yake, basi hauna cha kukauka. Unyevu unatoka kwenye sponji, na sponji inaloweshwa upya kila mara kwa maji ya bomba, au kwa maji yaliyotiwa chumvi kidogo pale ambapo maji ya bomba ni laini mno kupitisha mkondo.

Hata huo mpira unazeeka. Silikoni hukakamaa, nyufa ndogo hujitokeza, upinzani hupanda, na baadhi ya maeneo hupitisha umeme kuliko mengine. Lakini uzee wake hupimika. Fundi umeme wa mtaani ana mita ya kupimia omu. Mpelekee elektrodi ikiwa mpya, apime kutoka kwenye tundu la pini hadi kwenye pembe zote nne, na uandike namba hizo kwenye daftari. Rudi kwake baada ya miezi sita. Namba zikiwa zimepanda sana, au pembe moja ikiwa mbali na nyenzake, umefika wakati wa kununua nyingine. Kibandiko cha jeli hakikupi nafasi hiyo, maana hali yake hubadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Sifa za vitambaa vya umeme nazo zimeanza kusikika: glavu, soksi na mikanda ya magoti iliyofumwa kwa nyuzi za nailoni zilizopakwa madini ya fedha. Kwa mtu mwenye baridi yabisi ya vidole, glavu inafanya kazi ambayo kibandiko cha mraba hakiiwezi, kwa kuwa inauzunguka mkono mzima. Nayo lazima iloweshwe, la sivyo inachoma. Jasho na hewa huigeuza fedha kuwa nyeusi, dawa ya kung'arisha nguo huiharibu, na kila ufuaji unaondoa kidogo. Soksi za namna hiyo zina hatari ya pekee kwa mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Kengele pekee ya hatari ambayo mtumiaji wa mashine hii anayo ni hisia ya ngozi yake. Pasipo hisia, ngozi inaweza kuungua bila mwenyewe kujua, na kidonda cha mguu wa kisukari si jambo la mzaha.

Chuma kinatamanisha kwa sababu kinapitisha umeme vizuri na hakichakai. Uzuri huo ndio unaoleta balaa. Kwenye bamba la chuma mkondo hausambai sawasawa. Hujazana pembezoni, kama abiria wanaosongamana mlangoni mwa daladala huku viti vya nyuma viko wazi. Ngozi iliyo chini ya ukingo wa bamba inapokea zaidi, ya katikati inapokea kidogo. Upinzani wa wastani wa kaboni na wa jeli husaidia kuutawanya mkondo. Kwa hiyo anayejinadi kwamba elektrodi zake "zinapitisha umeme kuliko zote" amesifia sifa isiyo ya kwanza.

Hali inakuwa kali zaidi kwa mashine zinazotoa umeme wa mkondo mmoja usiogeuka, kama zile za kutibu jasho la viganja, ambazo mgonjwa huweka mikono kwenye trei mbili za maji zenye mabamba ya chuma. Hapo umeme unafanya kemia. Kwenye upande hasi hutengenezwa hidroksidi ya sodiamu, ileile soda kali ya watengeneza sabuni. Kwenye upande chanya hutengenezwa asidi. Bamba la chuma kisichoshika kutu lililo upande chanya linaweza kumwaga chembe za nikeli na kromiamu ndani ya maji, habari mbaya kwa mtu ambaye masikio yake humwasha akivaa hereni za bei poa. Mashine za namna hiyo huweka taulo au wavu kati ya kiganja na bamba, na pete huvuliwa kabla ya kuanza. TENS iliyotengenezwa vizuri inaikwepa kemia hiyo kwa kugeuza mwelekeo wa kila pigo, kile kinachotoka kwenda kikirudi. Mnunuzi aulize kama mapigo ni ya pande mbili. Jibu likiwa kimya, elektrodi bora haitamwokoa.

Kuna pia ujanja wa mjini: kutumia vibandiko vya kupimia moyo, kwa kuwa vina kitufe kinachoingia kwenye waya za baadhi ya mashine na huuzwa kwa pakiti kubwa. Vina fedha na kloridi ya fedha, malighafi bora kabisa ya kusikiliza umeme mdogo wa mwili. Kusikiliza ni kazi tofauti na kusukuma. Sehemu yake yenye jeli ina sentimita za mraba chache tu, na sasa tumefika kwenye hesabu ambayo kila mwenye mashine angepaswa kuifahamu.

Chukua mashine iliyowekwa kilele cha miliampea 60, mapigo ya maikrosekunde 200, mara 100 kwa sekunde. Kwa kanuni ya wahandisi ya kukokotoa nguvu ya mapigo kama hayo, mkondo huo unahesabiwa kama miliampea 8.5. Kibandiko cha kawaida cha sentimita 5 kwa 5 kina sentimita za mraba 25, hivyo kila sentimita ya mraba inapokea takriban miliampea 0.34. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-2-10, kinachohusu mashine za kusisimua neva na misuli, kinataka tahadhari ya pekee inapozidi miliampea 2 kwa kila sentimita ya mraba. Tuko mbali na mpaka. Sasa fikiria kibandiko kilekile kimekauka na kujikunja, kikabaki kimegusa kipande cha sentimita 2 kwa 2. Mkondo haukupungua, eneo limebaki sentimita za mraba 4, na kila moja inapokea miliampea 2.1. Mpaka umevukwa bila mtu kugusa kitufe chochote. Kwa kibandiko cha moyo chenye jeli ya sentimita za mraba 2.5, tumefika 3.4.

Mashine nyingi zimetengenezwa kuhakikisha mkondo unabaki uleule, hivyo upinzani ukipanda zinaongeza volti. Nyingine za bei ya chini hazifanyi hivyo. Kibandiko kikichoka mkondo unashuka, mgonjwa anapandisha namba akidhani maumivu yamekuwa sugu, halafu anageuka upande wa pili, kibandiko kinagusa vizuri ghafla, naye anarushwa. Njia ni mbili, chanzo ni kimoja. Boksi halikuharibika.

Nije kwenye pesa, maana hapo ndipo hoja yangu ya mpira wa kaboni inaposimama. Mgonjwa wa goti sugu anayetumia mashine asubuhi na jioni anaitumia mara 730 kwa mwaka. Seti ya vibandiko ikidumu mara 30, atahitaji seti 24 au 25. Ikidumu mara 20, atahitaji 36 au 37. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya seti moja katika duka la karibu yako, kisha linganisha na bei ya mashine. Msomaji wa Kigoma, Lindi au Turkana aongeze na nauli ya mzigo. Wengi hawazidishi. Wananunua mashine, wanatumia seti ya kwanza hadi mwezi wa tatu badala ya wiki ya pili, kisha wanatangaza mtaani kwamba mashine za umeme ni utapeli. Wengine wanaendelea na seti hiyohiyo iliyokauka, ndio wanaoungua.

Muuzaji hana hasara katika hilo. "Mwanangu, hivi vikiisha?" mama anauliza dukani. "Mama, hivyo wala visikupe shaka, utakuja kuchukua vingine." Atakuja kweli mara ya kwanza, pengine ya pili. Biashara ya mashine za namna hii imejengwa juu ya kipande kinachoisha, na mnunuzi anaonyeshwa kipande kisichoisha.

Wenye kutetea kibandiko cheupe wana hoja, na si dhaifu. Mpira wa kaboni unataka mikono miwili, mkanda, maji na subira. Mzee mwenye vidole vilivyopinda hawezi kujifunga elektrodi mgongoni peke yake. Mkanda ukilegea, mpira unanyanyuka pembeni na kuleta hatari ileile ya eneo kupungua niliyoieleza. Sponji ikikauka katikati ya tiba, inachoma. Sponji ikiachwa na unyevu kwenye mfuko wa plastiki, inaota ukungu. Aliye safarini au kazini hatajifunga mikanda chini ya sare. Yote hayo nayakubali, na ndiyo maana sisemi kibandiko cha jeli kitupwe. Kiwe cha safari, cha mgongo kwa asiye na msaidizi, cha mjamzito aliye kwenye uchungu chini ya uangalizi wa mkunga anayeijua mashine, cha siku chache baada ya upasuaji. Maumivu ya miaka, yanayotibiwa nyumbani ambako hakukosekani mjukuu wa kumfunga bibi mkanda wa goti, yapewe mpira wa kaboni.

Hatari zilizotajwa kwa mpira zina tofauti moja muhimu na za jeli: mtumiaji anaziona na anaweza kuzirekebisha bila kwenda dukani. Mkanda uliolegea unakazwa. Sponji iliyokauka inaloweshwa. Jeli iliyochakaa hairekebishiki. Inamtaka mgonjwa awe na pesa siku hiyohiyo, na asipokuwa nayo anachagua kati ya kukosa tiba na kuhatarisha ngozi.

Anayekubaliana nami ana jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa, nalo ni mwisho wa waya. Waya nyingi za TENS huishia kwenye pini ya milimita 2, na pini hiyo inaingia kwenye tundu la mpira wa kaboni na pia kwenye kikia cha vibandiko vingi vya jeli. Mwenye waya hizo anahama kutoka aina moja kwenda nyingine kadiri ya mahitaji na mfuko. Mashine zinazotumia sumaku, au umbo la pekee linalopatikana kwa mtengenezaji mmoja tu, zinamfunga mnunuzi kwa muuzaji wake. Zinapendeza kwenye picha kwa sababu hazina waya unaoning'inia, lakini siku mtengenezaji atakapoacha toleo hilo, boksi zima litakuwa taka.

Na kwa aina yoyote ya elektrodi, kuna mahali pasipoguswa: mbele na pembeni mwa shingo, kifuani kwa namna ya kuupitisha mkondo kwenye moyo, juu ya kidonda au ngozi iliyokufa ganzi. Mwenye betri ya moyo, mwenye kifafa na mjamzito waanze kwa daktari. Malighafi nzuri haihalalishi mahali pabaya.

Wenye mamlaka wanaweza kufanya nini? Nchini Tanzania dhamana ya vifaa tiba iko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kenya iko kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Nisingependa waongeze fomu nyingine za kumchosha mwagizaji mdogo. Ningetaka mambo manne yaandikwe kwa Kiswahili nje ya boksi, mahali ambapo leo pameandikwa idadi ya programu: elektrodi imetengenezwa kwa nini, eneo lake ni sentimita za mraba ngapi, inadumu kwa matumizi mangapi, na waya wake unaishia kwa pini gani. Hospitali nazo zina sehemu yao. Mtaalamu wa fiziotherapia anapomwambia mgonjwa akanunue TENS, aandike kwenye karatasi ileile aina na ukubwa wa elektrodi, kama daktari anavyoandika dozi, na amfundishe kulowesha, kufunga, kuosha na kuanika kabla hajamruhusu kwenda nyumbani. Hayo ni mafunzo ya robo saa.

La tano ndilo ningelipigania zaidi: bei. Bei ya kweli ya mashine ya maumivu ni bei ya boksi ukijumlisha elektrodi za mwaka mzima. Kila duka lilazimike kuandika jumla hiyo kwenye lebo. Mnunuzi akishaiona, hatahitaji mwandishi wa gazeti kumhubiria kuhusu mpira wa kaboni. Ataudai mwenyewe, na muuzaji aliyeuita wa kizamani atautafuta ulipo.